Mama Aliyesimama Dirishani

Mwalimu Zuleha Hamidu alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakuwahi kulificha jambo hilo. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa hata kukatiza katikati ya ng'ombe siku ya mnada. Baba yake, fundi cherehani wa Tarime mjini, alipenda kumtania kwamba siku moja atakimbizwa na kuku. Ndiyo maana ndugu walishika vichwa alipopangiwa kufundisha Genkuru, jirani na mgodi, miaka ile bei ya dhahabu ilipopaa na watu wakamiminika kutoka kila upande na nyundo zao na viroba vyao.

Alikwenda, akakaa, akazoea milio ya baruti. Kisha akajitia matatani kwa hiari yake: akajiandikisha shahada ya uzamili ya elimu, ile ya kusoma huku unafanya kazi. Mada ya utafiti hakuitafuta mbali. Kila asubuhi aliingia darasa la sita akakuta madawati matupu. Watoto walikuwa wapi? Kila mtu kijijini alijua. Walikuwa kwenye kifusi, ile milima ya mawe yaliyomwagwa na malori ya mgodi, wakiokota mawe yenye chembe za dhahabu, jambo ambalo kwa polisi ni wizi. Ila kujua ni jambo moja, na kumthibitishia Dokta Stanslaus, msimamizi wake chuoni, ni jambo jingine kabisa.

Dokta Stanslaus alipenda takwimu kama wengine wanavyopenda nyama choma. "Nataka hojaji, Zuleha," alimwambia kwa simu. "Idadi, asilimia, majedwali. Maneno ya akina mama waachie watunzi wa riwaya." Zuleha alikubali upesi, tena kwa furaha, maana hojaji haimkodolei mtu macho. Unaigawa, unaikusanya, unakwenda zako.

Hojaji zilirudi safi kupita kiasi. Swali la kama mtoto amewahi kwenda kwenye kifusi lilijibiwa "hapana" na kila mwanafunzi, wakiwemo wenye vidole vilivyochubuka na vumbi la mawe kwenye nyusi. Mwingine angecheka. Zuleha hakucheka, kwa sababu woga aliujua kwa sura na kwa jina. Watoto wale walikuwa wamefundwa majumbani mwao, na walifundwa wakafundika.

Kisha kijiji kikaanza kumtazama vibaya. Gulioni, muuza dagaa alimwambia dagaa wameisha, na beseni limejaa mbele yao wote wawili.

"Mama, si hao hapo?"

"Hao wana mwenyewe. We mwalimu, unaandika watoto wetu. Makaratasi unayapeleka wapi?"

"Chuoni, mama yangu. Ni masomo tu."

"Chuo gani? Hicho cha ndani ya senyenge?" Mama yule alionyesha kwa kidevu upande wa uzio wa mgodi, na wanawake wengine wakaguna.

Zuleha alirudi nyumbani bila mboga. Alikumbuka kijana aliyekuja msimu uliopita kupima mashamba. Watu walidai anawapelekea habari wenye mgodi, wakamchomea pikipiki, na mwenyewe aliponea mbio zake. Zuleha mbio hakuwa nazo. Alipompigia baba yake, mzee alimjibu kwa sauti ya chini: "Mwanangu, maliza hizo namba zako, uombe uhamisho. Usimhoji mtu."

Lakini majibu yale yalikuwa uongo, na hata Dokta Stanslaus, alipotumiwa jedwali lenye "hapana" kutoka juu hadi chini, alilegeza kamba. "Basi changanya mbinu," akasema. "Takwimu zikuambie wangapi, watu wakuambie kwa nini. Itisha kundi moja la wazazi mjadiliane. Chukua wa kila aina, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake." Kitabu cha mbinu za utafiti nacho kilisema vivyo hivyo, kwa hiyo Zuleha hakuwa na sababu ya kubisha.

Wazazi walikuja Jumamosi asubuhi katika darasa la sita. Mzee Waitara alitangulia, akakaa mbele kabisa na fimbo yake mapajani. Wengine wakafuata. Wa mwisho alikuwa Teresia, mama wa Robi, msichana ambaye dawati lake lilikuwa tupu siku za karibuni. Teresia alifika mlangoni, akatupa jicho ndani, akavuta kanga kichwani na kurudi nyuma. Akaenda kusimama nje ya dirisha, mgongo akiwa ameupa darasa.

"Mama Robi, karibu ndani, nafasi ipo," Zuleha alimwita.

Hakugeuka. Mzee Waitara alikuwa anatazama sakafu. Moyo wa Zuleha, ambao tangu asubuhi ulikuwa unapiga ngoma, ukampa tafsiri yake: huyu amekuja kunipeleleza, akawaambie wenzake. Zuleha akampa kisogo.

Majadiliano yenyewe hayakuwa na ladha. Mmoja alilalamikia uji wa shule, mwingine umbali. Mzee Waitara ndiye aliyefunga mjadala. "Watoto wetu hawaendi huko kwenye mawe. Andika hivyo, mwalimu." Akaandika hivyo. Alipoinua kichwa, dirishani hapakuwa na mtu.

Wiki iliyofuata Zuleha alikuwa akitoka shule anajifungia ndani, komeo limeshuka na jua bado liko juu. Alikokotoa asilimia. Kila kishindo cha miguu njiani kilimfanya akague komeo, lakini namba zilimliwaza, maana hazikumuuliza anazipeleka wapi. Dawati la Robi aliliona kila siku, na kila siku alijiambia atauliza kesho. Ukweli ni kwamba alimwogopa mama yake.

Mwisho wa wiki, ofisini, alimlalamikia Mwalimu Irine, mzaliwa wa hapo hapo Genkuru, juu ya yule mwanamke aliyemdharau mbele za watu. Irine alitua kikombe cha chai.

"Zuleha, Mzee Waitara ni baba mkwe wake. Ulitaka aingie akae naye chumba kimoja? Kwetu hiyo ni aibu kubwa, haifanyiki."

Zuleha aliwahi kuisikia habari hiyo, kama mtu anavyosikia habari za jirani bila kuziweka moyoni. Kwao mjini wakwe walikula sinia moja na kutaniana. "Sasa alikuja kufanya nini?" aliuliza.

"Ndilo la kujiuliza. Mtu kusimama juani muda wote ule, ana jambo."

Hapo ndipo woga mwingine ulipomwingia, wa baridi kuliko ule wa kwanza. Aliondoka na vumbi la chaki mikononi. Alikatiza mashamba ya mihogo, akawapita vijana wenye nyundo waliokatisha mazungumzo walipomwona, na hakusimama mpaka uani kwa Teresia.

Teresia hakumsalimia. Alimshika mkono, akamwingiza ndani, na harufu ikawapokea kabla macho hayajazoea giza. Robi alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa majani na kipande cha sketi ya shule, na ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Jiwe la kifusi lilikuwa limemporomokea.

"Nilikuja nikwambie," Teresia alisema. "Nilisubiri utoke. Hukutoka."

"Kwa nini hukumpeleka hospitali?"

"Hospitali wanataka fomu ya polisi. Polisi watauliza ameumia wapi. Nitajibu nini, mwalimu? Wamfunge mwanangu? Nikasema mwalimu anajua kuongea na serikali."

Zuleha aliona kituo cha polisi, aliona watu wa gulioni wakimtazama anaingia, akaona na moto. Kama wangemwona pale, nani angeamini tena kwamba karatasi zake zinakwenda chuoni? Machozi yakamtoka bila ruhusa.

"Naogopa, Mama Robi."

"Hata mimi," Teresia alijibu, akainama kumshika mtoto mabegani. Zuleha akashika miguu.

Walipanda bodaboda, mtoto katikati yao. Muuza dagaa aliwaona wakishuka kituoni mchana kweupe, akasimama. Pale kaunta afande aliuliza mtoto ameumia wapi. Zuleha akasema Genkuru. Genkuru sehemu gani? Zuleha akasogea mbele ya Teresia. "Afande, mimi ni mwalimu wake. Jaza fomu. Ukitaka mtu wa kushika, nifuate mimi, niko darasa la sita kila siku." Afande aliutazama mguu, akajaza.

Hospitali ya mjini daktari hakuzunguka. Mguu ungekatwa chini ya goti, la sivyo wangempoteza mtoto mzima. "Hii mlikuwa mnasubiri nini?" alifoka. "Wiki iliyopita tungeuokoa."

Teresia hakumnyooshea mtu kidole. Alitazama chini, na hilo ndilo lililomuumiza Zuleha kuliko kelele zote za daktari. Zuleha alijua alikokuwa wiki iliyopita.

Hakuna aliyekamatwa. Hakuna pikipiki iliyochomwa, nyumba haikurushiwa mawe, ingawa wapo waliosema mwalimu amemuuza mtoto polisi. Zuleha aliwahoji upya akina mama, kila mmoja peke yake, uani kwake, mbali na wakwe, na wengi walisema ukweli. Dokta Stanslaus aliisoma sura ya mahojiano hayo, akauliza yule mtoto mmoja wa mguu ni asilimia ngapi ya sampuli. Zuleha alimtajia.

Muhula mpya ulipoanza, Robi alirudi na gongo lake. Wenzake walipotoka mapumziko, alibaki kwenye dawati.

"Madamu, ile karatasi yako ya maswali. Mimi niliandika hapana."

"Najua, Robi. Wote mliandika hapana."

"Naweza kubadilisha?"

Zuleha alitafuta hojaji tupu kabatini, akampa, na kalamu yake mwenyewe. Robi aliinamia karatasi, akaweka alama kwenye "ndiyo". Kisha akaifunika kwa kiganja, akageuka kutazama dirishani kama kuna mtu aliyemwona.