Vibao Saba vya Upande wa Kulia

Piano ya kwanza tuliyoiona, kule Gatitu, ilikuwa imeliwa na wadudu. Fundi wa piano tuliyekwenda naye aligonga ubao wa nyuma na unga ukamwagika sakafuni. Ya pili, Murang'a, nyuzi zilikuwa zimeshika kutu. Kwa hiyo tulipofika Nanyuki kuangalia ya tatu, nilishajiona mjuzi.

Tulikuwa tukimtafutia binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amejifunzia kwenye kinanda cha umeme cha kanisa letu, ambako mimi naongoza kwaya, na mwalimu wake alisema sasa vidole vyake vinahitaji piano yenyewe.

Mwenye piano alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akihamia kwa mwanawe. Alitupa chai. Fundi akafungua kifuniko, akamulika ndani kwa simu, akagusa vinyundo kimoja kimoja.

"Hii iko sawa," alisema. "Sasa tuisikie."

Alianza kubonyeza vibao kutoka kushoto. Sauti nene zilitetemesha vikombe mezani. Akapanda polepole kuelekea kulia, sauti zikazidi kuwa nyembamba, halafu nikasikia mbao tu. Tok. Tok. Tok.

"Hapo imekufa," nikasema. "Hivyo vya mwisho havilii."

Fundi aligeuka. "Gani, mama?"

"Hivyo saba vya mwisho. Nasikia mbao zikigongana tu."

Akarudia. Tok. Tok. Mwenye nyumba aliweka kikombe chini. "Ati hailii? Hiyo haijawahi kunyamaza hata siku moja."

Nilifikiri wamepanga kuniuzia kitu kibovu. Nikamgeukia binti yangu anisaidie. Alikuwa akinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akinitazama.

"Mami, inalia," alisema. "Kama kakengele."

Nilikwenda nikabonyeza mwenyewe. Nikainama, nikaweka sikio kwenye ubao. Kidole kilihisi mtetemo mdogo, lakini sikio halikupata kitu.

Fundi alishusha sauti. "Mama, hebu angalia dirishani. Nitabonyeza polepole, uniambie ni mara ngapi."

Nikasimama nimewapa mgongo. Nilisubiri. Nilisubiri sana.

"Mbili," nikasema.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Zilikuwa tano.

Mama yangu alipata uziwi akiwa na umri kama wangu. Mwanzoni watu walimpazia sauti. Baadaye walichoka, wakaacha kumwambia mambo. Ilifika mahali akikaa katikati yetu mezani, akicheka tunapocheka, bila kujua tunacheka nini. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochoka. Hilo ndilo nililoliona pale dirishani, si mlima wala miti ya mwenye nyumba.

"Tutaichukua," nikasema haraka, ili mtu asiongee jambo lingine.

Tukirudi Nyeri kwa gari la fundi, binti yangu aliniegemea. "Mami, tangu lini?"

"Sijui."

"Mimi huwa narudia vitu mara mbili. Nilidhani hutaki tu kunijibu."

Nilimshika mkono mpaka tukafika mtaani kwetu, Skuta.

Piano ililetwa wiki iliyofuata, wanaume wanne wakiibeba. Hospitali niliikwepa kwa mwezi mzima. Kila asubuhi nilikuwa na kisingizio kipya. Mwishowe binti yangu alikataa kwenda shule mpaka niahidi. Daktari alinipima, akasema mishipa ya masikio imechoka na hairudi, ila vifaa vya kusikia vitanisaidia kwa usikivu uliobaki.

"Utabaki kwa muda gani?" nikamwuliza.

"Hilo siwezi kukudanganya," alisema. "Tutakuwa tunapima."

Jumapili hiyo niliwaambia wanakwaya. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliinama, akasema, "Tulijua, mwalimu. Tulikuwa tukiogopa kukuambia."

Bado nawaongoza. Vifaa navivaa, na sauti nyingi zimerudi, hata zile nisizozitaka. Lakini siku ya kupimwa hurudi tena na tena. Naingia kwenye kile chumba kidogo, navalishwa vipokea sauti vya masikioni, nami nasubiri mlio, bila kujua kama kimya ninachokisikia ni kimya kweli.