Gauni la Kitambaa cha Parachuti

Kiangazi kile kilinukia nta. Mama alipitisha uzi kwenye kipande cha nta kabla ya kuutia sindanoni, usije ukalegea, na harufu hiyo alirudi nayo nyumbani vidoleni na kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni. Alikuwa mshonaji katika karakana ya parachuti kwenye kambi ya jeshi, hapa Kamina, na wakati wa likizo alinichukua kazini. Parachuti iliyotoka mazoezini ilitundikwa juu, nami nikitembea chini yake nikitafuta mwanga, maana palipopenya mwanga ndipo palipotoboka. Mama alikata kiraka, akakunja ukingo wake, akashona kwa mishono midogo, na kwenye kila pembe akaurudisha uzi kinyumenyume. Kila mshonaji alikuwa na mkono wake, na mtindo huo wa pembe ulikuwa wa mama peke yake.

Meza ya pili ilikuwa ya Mama Banza, rafiki yake wa chanda na pete na mama yangu wa ubatizo. Walikula sahani moja, bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama, na mimi nilisukwa nywele nimelaza kichwa mapajani mwake. Nilimpenda sana mwanamke yule, na hilo ndilo linaloniuma.

Parachuti zilizochakaa zilichomwa moto. Kitambaa chake hakikuruhusiwa kutoka langoni, ingawa mji mzima ulikitamani kwa weupe na wepesi wake. Komunyo ya kwanza ilipokaribia, parachuti moja iliyongoja kuchomwa ikatoweka. Mkuu wa karakana aliwakusanya washonaji, akauliza. Mama Banza akasimama. "Miye niliona huyu mama anaikunja mu kikwembe," alisema, na hata jina la mama hakulitaja. Mama alifukuzwa siku ileile, na mimi shuleni nikawa mtoto wa mwizi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya komunyo nilivaa gauni la kuazima. Mbele yangu alipiga magoti binti wa Mama Banza, amevaa gauni jipya, jeupe, jepesi. Pindo lilijikunja, na kwa ndani nikaona kiraka ambacho uzi wake ulirudi kinyumenyume kwenye kila pembe. Misa ilipokwisha nilimvuta mama kando.

"Mama, ile robo mutoto anavaa iko na kiraka yako! Twende tuseme kwa mukubwa wa kazi."

"Niliishaiona wakati banaingia," alijibu. "Nyamaza. Mutoto hakuiba. Unataka bamuvue nguo mbele ya bantu?"

Nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia rafiki yake. Huruma ya namna ile sikuielewa, wala sina hakika kama naielewa leo.

Siku hizi magauni ya komunyo yananunuliwa sokoni yakiwa tayari. Mama alikwisha kufa, na lile jina la mwizi alilobandikwa akaenda nalo kaburini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Basi hawakupita Kamina, kwa sababu Mama Banza ameitembea hadi uzeeni, na kila mtu anamwamkia kwa heshima. Juzi aliugua, akaniita. Nilikwenda mbio, nikiamini kwamba hatimaye anataka kutubu. Alinishika mkono, machozi yakimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Mwana yangu," alisema, "mama yako alijua kazi kupita siye bote. Ni bwizi tu ilimuharibia."