Mwenye Kipimo cha Langoni

Zamu inapotoka kwenye mgodi wa urani, mzee mwenye kipimo cha mionzi huwa ameshasimama langoni, kilemba cha buluu kimemfunika hadi puani. Hupitisha kipimo kwenye buti za kila mtu polepole, kama anayempapasa ngamia mgonjwa. Kikinyamaza, husema, "Nenda." Kikilia, husema, "Rudi kaoge," kwa sauti ileile. Kisha hukizima, hukifuta kwa pindo la kanzu, akaenda kunywa chai kwa Delu, muuza chai wa ng'ambo ya barabara: glasi tatu, kila moja akiipokea kwa mkono mmoja.

Jana, baada ya glasi ya pili, Delu alimwambia, "Kaka, nipimie na jiko langu. Mhunzi alilitengeneza kwa bomba kuukuu la humo mgodini. Mwaka wa tisa huu naupuliza moto wake."

Mzee alilitazama jiko kwa muda. "Betri imekwisha."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

Mara dereva mmoja aliyechelewa akatokea langoni. Mzee akavuka barabara, akakiwasha kipimo, akakishusha kwenye buti zake. Kikalia hadi kikasikika kwa Delu.

"Rudi kaoge."

Aliporudi, Delu alimmiminia glasi ya tatu, naye akaipokea kwa mikono miwili.