Gitaa Lililoitika Muyinga

Mjukuu wangu alikuwa anapiga mpini wa jembe. Nilimkuta shambani amesimama katikati ya maharage, jembe amelikumbatia kifuani, vidole vya mkono wa kushoto vinabonyeza mti mkavu, midomo inacheza bila sauti.

"We, umerukwa na akili?"

"Hapana, Bibi. Nisipofanya hivi vidole vitasahau."

Gitaa alijifunza kwa mtawa mmoja kule Mutoyi, alipokuwa anasoma. Chombo kilikuwa cha kuazima. Masomo yalipokwisha kilibaki kule, naye akarudi kwangu Musinzira, hapa Gitega, mikono mitupu. Mimi ndiye niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, na ninasema bila aibu: Gitega nzima hakuna anayepiga kama yeye. Anayebisha aje kwangu tubishane.

Sasa kanisani kwetu mkuu wa kwaya alikuwa ametangaza kwamba siku ya Pentekoste atapiga mtu mwenye gitaa lake mwenyewe, na akipiga vizuri, nafasi ni yake moja kwa moja. Asipopatikana, watakodi kinanda cha umeme. Mjukuu wangu aliposikia hayo hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alirudi tu nyumbani akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nikauza nguruwe wangu. Majirani walinicheka: mwanamke mzee anauza nguruwe aliyenona ili anunue ubao wenye nyuzi. Niliwaacha wacheke, meno ni yao.

Tulianzia mtaa wa Magarama, dukani kwa Mwislamu mmoja ambaye hununua maharage yangu kila mavuno. Alishusha gitaa jekundu, limepakwa rangi mpaka unajiona uso.

"Mama, hii iko nzuri sana. Ona inavyong'aa."

"Sufuria pia inang'aa. Mwache mtoto apige."

Mjukuu wangu akaanza kupiga. Mimi niligeuka nikatazama ukuta.

"Mbona unatupa mgongo, mama?"

"Macho yangu yanapenda rangi. Nataka masikio yafanye kazi peke yake."

Masikio yakafanya kazi. Lile gitaa lilikuwa linaongea kama mtu aliyebanwa pua. Akashusha jingine, nalo likalia kama sahani ya bati iliyoanguka. Yule muuzaji hakukasirika, ana roho nzuri. Alisema, "Kwa pesa yako iko hizi tu. Unayotaka we iko Bujumbura, na kwa bei yake utaacha shamba huko."

Njiani kurudi ndipo nilipolikumbuka gitaa la jirani yangu wa kambini. Tulipokuwa wakimbizi Tanzania, nyumba yetu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Mume alikuwa na gitaa kuukuu, rangi imebabuka, tumboni lina mkwaruzo mrefu. Lakini alipoligusa, hata wanawake waliokuwa wanagombea foleni ya maji walinyamaza, na mimi nilikuwa mmoja wa wagombanaji. Walirudi Burundi wakakaa Muyinga. Yule bwana alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mazishi sikufika kwa sababu ya goti langu.

Nikamwacha mjukuu na maharage, nikaenda Muyinga.

Mjane alinipokea kwa machozi, nami nikalia yangu, kisha tukala. Tuliposhiba nilimwambia waziwazi kilichonileta. Nilimweleza habari ya Pentekoste na ya mjukuu wangu.

Akaweka kikombe chini. "Dada, bado hatujaganduka."

Kuganduka ni siku ukoo unapokutana, unakula na kunywa pamoja, na msiba unaondolewa rasmi. Kabla ya hapo kila nyumba ina kitu inachokizuia. Yeye alikuwa amezuia gitaa. "Lile ndilo lilikuwa mdomo wake. Halitalia humu mpaka siku hiyo."

"Ni lini?"

"Wiki moja kabla ya hiyo Pentekoste yako."

"Naweza kuliona?"

"Kuona, ona. Ila mikono weka mgongoni. Mi nakujua."

Akanipeleka chumbani, akalitoa kwenye kitenge, akalilaza kitandani. Halafu akaenda kuangalia chungu cha maharage jikoni.

Nikalizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Mchwa hakuna. Ufa hakuna. Mkwaruzo ule ule upo. Lakini nilikuwa nimetoka kujifunza Magarama kwamba macho hayasikii. Gitaa lililokaa mwaka mzima bila kupigwa laweza kuwa limekufa kama mwenye nalo. Nikilisubiri mpaka siku ya kuganduka halafu lilie kama debe, muda wa kutafuta jingine utakuwa umekwisha, na kinanda kitakuwa kimekwisha kodiwa.

Mikono ikabaki mgongoni. Nikapiga magoti, goti bovu likalalamika, nikasogeza mdomo kwenye lile tundu la tumboni kama mtu anayemwita mwenzake ndani ya kisima. Nikaguna sauti ya chini. Kimya. Nikapandisha kidogo. Kimya. Nikapandisha tena, na humo ndani kitu kikaguna pamoja nami.

Nikafunga mdomo. Mimi nimenyamaza, lenyewe linaendelea. Sauti nene, laini, ikakaa hewani, ikakaa, ikaondoka polepole kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikajaribu sauti nyingine, na uzi mwingine ukaitika. Halikuwa limekufa. Lilikuwa linangoja mtu wa kuzungumza nalo.

Mjane akaingia na mwiko mkononi. "Umeligusa."

"Sijaligusa."

"Mi nimelisikia."

"Mikono yangu iko wapi?"

Akaiangalia. Ilikuwa mgongoni, nimeifumbata kama mahabusu. "Basi nani amelipiga?"

"Njoo uongee nalo."

Alikataa kwanza. Kisha akapiga magoti kando yangu, mwiko bado mkononi, akaimba kwa sauti ndogo wimbo ambao mumewe aliutunga siku za unga kuchelewa kambini. Alipofika pale sauti inapopanda, gitaa likaitika. Akaacha kuimba, nalo likaendelea bila yeye. Akakaa kitandani, akafuta uso kwa upande wa mkono.

Nikajilaani moyoni. Nilisema, mwanamke mjinga wewe, umeharibu biashara yako mwenyewe. Mtu akisikia mumewe anamwitikia, atauza?

Maharage jikoni yakaanza kunuka kuungua. Hakuna aliyekwenda kuyaokoa.

"Wanangu hakuna anayejua kupiga," akasema mwishowe. "Hapa litakuwa linaitika tu, haliongei. Mlete huyo mtoto siku ya kuganduka. Akilipiga vizuri mbele ya ukoo, atalibeba. Akilipiga vibaya mtakula, mtakunywa, mtaenda zenu."

"Na bei?"

"Mbuzi."

"Mbuzi wa namna gani?"

"Mwenye miguu minne, dada. Usianze."

Kwa hiyo nguruwe akawa mbuzi, na chenji ikabaki. Kwa chenji hiyo nilirudi Magarama kununua nyuzi mpya. Yule muuzaji akauliza, "Gitaa lenyewe liko wapi?" Nikamwambia liko msibani. Akanitazama, akafunga nyuzi kwenye karatasi.

Siku ya kuganduka ilipofika, mjukuu wangu alibonyeza hewa kwa vidole njia nzima mpaka Muyinga. Miezi mingi hakuwa amegusa gitaa la kweli, na sasa anapewa asilolijua, mbele ya watu asiowajua, kwa ajili ya marehemu ambaye wote walimjua. Uani kulikuwa na ndugu wengi na pombe ya ndizi ya kutosha. Mkubwa wa ukoo alisimama akasema maneno yake, akatangaza msiba umekwisha. Mjane akaenda ndani, akatoka na gitaa.

Shemeji mmoja wa mjane, mwenye tumbo lililotangulia, akasema, "Msichana? Hakuna kijana?"

"Vijana wapo, wanakunywa pombe yako," nikamwambia. "Anayepiga ni huyu."

Mjukuu wangu akafunga nyuzi mpya. Akakaza, akalegeza, akasikiliza, akakaza tena. Watu wakaanza kuongea mambo yao. Mimi nilitazama ardhi, kwa sababu kama ningemtazama angeona ninavyoogopa.

Halafu akapiga.

Nimesikia magitaa mengi. Hili lilikuwa na tumbo la kweli. Uzi mnene ulishika ardhi, nyembamba zikapanda juu, na kila mmoja ulisikika peke yake, kama watu wanaoitana kila mmoja juu ya kilima chake. Alianza na wimbo wa kanisani, kisha akaingia ule wa unga kuchelewa, niliomfundisha kwa mdomo wiki nzima. Vikombe vikashuka. Mjane akainuka akacheza, mikono juu, na wanawake wakapiga vigelegele. Yule shemeji akasogeza kiti chake mbele, akasema, "Rudia huo." Akarudia. "Rudia tena," akasema, na safari hiyo aliimba mwenyewe, vibaya sana.

Mbuzi alikabidhiwa mbele ya mashahidi. Mjane alilifunga gitaa kwenye kitenge, akalifunga mgongoni mwa mjukuu wangu kama mtoto mchanga. Tulipoondoka nilimtanguliza, ili Muyinga yote imwone.

Siku ya Pentekoste nilikaa benchi la mbele, mahali ninapokaa kwa nadra kwa sababu napenda kutoka mapema. Alipiga kuanzia wimbo wa kuingia mpaka wa kutoka, bila umeme, na hakuna aliyetoka mapema, hata mimi. Baada ya ibada mkuu wa kwaya alinijia akaninong'oneza kwamba kinanda hakitakodiwa, nafasi ni ya mjukuu wangu.

Nikamwomba aseme kwa sauti, maana wa mabenchi ya nyuma hawakusikia.