Mashimo Tuliyoyasiliba

Mkaguzi alitoka Dar es Salaam na karatasi ya kutolea alama, amevaa viatu vyeupe. Kazi yake ilikuwa kusema kama viwanja vya gofu vya hoteli yetu vinafaa kutangazwa kwa wageni. Viatu vyeupe, Tukuyu! Nikajua hapo hapo kwamba hajui mvua yetu.

Mimi nilikuwa msimamizi wa kina mama sita waliokata nyasi pale, kwenye kilima kilichokuwa zamani shamba la chai. Meneja alikwisha kunionya: alama zikiwa mbaya, kina mama wangu hawana kazi. Alisema "kina mama wako" kana kwamba nimewazaa mimi. Nilikasirika, na sikuficha.

Siku moja kabla ya ukaguzi alinipigia simu kutoka Mbeya. "Yale mashimo ya mchanga yasafisheni, yang'ae." Hoteli ilikuwa haijafunguliwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuona mtu akicheza gofu. Hatukujua kwamba mchanga umewekwa makusudi kumsumbua mchezaji. Tulidhani ni masalia ya mkandarasi aliyejenga viwanja. Na kwetu mgeni akija, uwanja unafagiwa mpaka ardhi ionekane, kisha unasilibwa. Basi nikaamuru. Tulizoa mchanga wa mashimo yote tisa, tukaurundika nyuma ya chumba cha mashine, tukasiliba kwa udongo mwekundu. Mama mkubwa kuliko wote, anayetoka Kisondela, akachora mawimbi ukingoni kwa vidole. Yaling'aa kweli. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Asubuhi mkaguzi alisimama mbele ya shimo la kwanza, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akapiga picha. Meneja hakucheka.

"Hawa wanawake ni washamba," alisema. "Kesho hawapo."

"Mimi ndiye niliyeamuru," nikasema.

"Wewe nyamaza."

Sikunyamaza. Nilimwambia mkaguzi kwamba bado hajaona uwanja wa mazoezi, pale wachezaji watakapojifunzia kupiga mipira. Meneja alitaka kuuruka, maana hela za mkandarasi ziliisha kabla ya kufika huko, tukautengeneza sisi kwa majembe yetu. Tulikuwa bado tunabishana mvua ikashuka, tukakimbilia barazani wote pamoja, viatu vyeupe navyo.

Ilipopungua, viwanja vya mkandarasi vilikuwa madimbwi matupu. Mashimo yetu, nakiri, yalijaa kama mabeseni. Lakini chini ya nyasi za uwanja wa mazoezi tulikuwa tumechimba mifereji na kuijaza mawe mepesi ya volkano, kama tunavyofanya nyuma ya nyumba zetu ili maji yasiingie jikoni. Mkaguzi alikanyaga kwa kisigino, hakuzama. Akapiga mpira, ukadunda, ukaviringika mbali. Akapiga mwingine.

"Hapa ametengeneza nani?"

Mama wa Kisondela alinitangulia kujibu. "Ni sisi, baba. Wale wale wa mashimo."

Akaandika mbele ya macho yetu: mashimo sifuri, uwanja wa mazoezi alama zote. "Ndaga fijo," mama akamshukuru, kwa yote mawili.

Mkaguzi alipoondoka, meneja alitupanga mstari. Alitaka mmoja wa kuondoka kwa ajili ya ile sifuri, wengine wabaki. Nilisogea mbele. Nikasikia miguu nyuma yangu, nikageuka: wote sita wamesogea, udongo mwekundu bado uko kwenye kucha zao. Nikamgeukia meneja.

"Tuondoke wote, si ndiyo?" nikamuuliza. "Na mvua ijayo, utamwonyesha mgeni uwanja gani?"

Aliutazama uwanja wa mazoezi. Halafu akatuambia turudishe mchanga wake.

Tumeurudisha, kwenye mashimo manane. La tisa, lililo mbele ya dirisha la ofisi yake, bado limesilibwa na mawimbi yake yapo. Kila Jumamosi naliongezea udongo kwa mikono yangu mwenyewe. Juzi alifungua dirisha akaniuliza hilo nalo nitalijaza mchanga lini.

"Wageni wakiacha kuja," nikamjibu, nikaendelea kusiliba.