Kompyuta Iliyochelewesha Futari

Mwaka niliomaliza chuo nikarudi Kasongo bila kazi, mama alinipa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Niliweka meza, kompyuta kuukuu na mashine ya kuchapisha, nikaanza kuwaandikia watu barua na maombi ya kazi. Umeme ulitoka kwenye grupu, jenereta yetu ndogo iliyonguruma uani mchana kutwa.

Betri ya kompyuta ilikuwa imekufa. Siku moja grupu ilikata ghafla, kurasa kumi na mbili za mwanafunzi zikapotea, na tangu hapo sikuthubutu kuzima umeme kabla kompyuta haijajifunga yenyewe. Nayo kujifunga ilichukua robo saa. Nilitazama kile kiduara kikizunguka, nikawaza: labda diski inakufa, labda nimeiharibu mimi, labda miaka yangu yote ya chuo ilikuwa ya bure.

Ramadhani ilipoingia, robo saa hiyo ikawa ya mtaa mzima. Nyuma ya ukuta wetu kuna msikiti mdogo. Kipaza sauti chake kilikuwa kimeharibika, na muadhini, mzee mwembamba aliyemjua mama tangu utoto, aliadhini kwa koo lake tu. Grupu ikinguruma, hakusikika hata mlangoni pake. Kwa hiyo kila magharibi alisimama kwenye pengo la ukuta akiisubiri kompyuta yangu, maana wateja hawakuniachia kuanza kuifunga mapema.

“Mutoto wangu, iko inalala?”

“Iko karibu, babu.”

“Hata jana ilikuwa karibu. Watu wako na njaa, weye unabembeleza mashine.”

Tulicheka. Lakini jioni moja alishika ukuta, akasema polepole kwamba anafikiri kumwachia mwingine adhana. “Sauti imeisha. Hata grupu ikinyamaza, sijui kama kuna mutu ananisikia.”

Maneno hayo sikuweza kuyatua. Niliona ni kosa langu: nimemzoesha mzee kungoja mpaka amejiona hana kazi. Kesho yake nilikataa wateja, nikaifungua kompyuta nikitafuta kinachoichelewesha. Nikakuta programu tatu za kuzuia virusi. Kila fundi aliyewahi kuitengeneza alikuwa ameacha ya kwake, na zote tatu ziligombana hadi mwisho kabla ya kukubali kufungwa. Nilizisoma majina mara kumi, nikanakili kazi za watu kwenye flashi mbili, nikaogopa, nikanywesha kuku maji, nikarudi. Mwishowe nikaondoa mbili. Nikaondoa pia programu zilizojifungua zenyewe asubuhi bila kuitwa na mtu.

Jioni nilibonyeza kitufe wakati uleule wa kila siku, jua likiwa bado juu ya mabati. Sikumaliza hata kuvaa kandambili, kioo kikawa cheusi. Nikakimbia uani nikazima grupu, nikasimama hapo nikitabasamu peke yangu.

Kisha nikasikia vijiko.

Kwa jirani wa kwanza vijiko, kwa wa pili mtu anasema bismillahi. Mama akatoka na kikombe cha uji kilichofika nusu, midomo ikiwa imelowa. Mimi ninayewaza kila kitu, hilo moja sikuliwaza: kwa siku zile zote, mtaa ulikuwa umeacha kumngoja muadhini. Walingoja grupu inyamaze, ndipo wafuturu.

Mzee alifika kwenye pengo, miguu ikichuruzika maji ya udhu. “Nani ameadhini?”

“Hakuna, babu. Jua bado.”

Sauti ya mwanamke ikaruka kutoka ng'ambo ya ukuta: “Ni grupu ndiyo imeadhini, babu! Iko na sauti kukushinda!” Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nikiwaambia kwamba kesho nitazima mapema sana, wasiguse kitu mpaka wamsikie mzee mwenyewe. Mama alisema siku yake ataifunga tena baada ya Idi. Nikamwambia tutafunga pamoja, ingawa mimi sikuwa nimekula.

Kesho yake grupu ilinyamaza jua likiwa bado kali. Mama alikaa mkekani, kikombe mkononi. Uji ukatengeneza utando juu. Kisha sauti ikaja, nyembamba, ikakwaruza kwenye tamko la pili, ikaendelea. Mama hakunywa mpaka ilipomalizika.

Baada ya sala mzee aliniuliza sauti yake ilifika wapi. Ningeweza kumpendeza, lakini nilikuwa nimekwenda kuuliza.

“Mpaka kwa fundi cherehani, babu. Ng'ambo ya barabara hawakusikia.”

Alihesabu nyumba kwa vidole, midomo ikitaja kila mlango kimyakimya.

“Ziko nyingi,” akasema. “Kesho nitapanda juu ya lile jiwe la mbele ya musikiti, na wale wa barabarani wanisikie.”