Kichwa, Mkia na Kitanda cha Mkunga

Mashine ilifika Ipagala ndani ya sanduku la mbao ambalo, kwa maoni ya mshirika wangu, lilikuwa limeungwa vizuri kuliko samani zetu zote. Alilizunguka mara mbili akilipapasa pembe zake. Mimi nilikuwa na nyundo mkononi, nataka kulivunja nione kilichomo.

Tulikuwa maseremala wawili kwenye karakana moja, mimi Mgogo wa hapa hapa, yeye Mrangi wa Kondoa, na kwa miaka mingi tulikuwa tumekereza miguu ya vitanda na meza kwa mashine ya zamani, patasi mkononi, vumbi puani. Hii mpya iliongozwa na kompyuta. Unachora mguu wa kitanda kwenye skrini, unafunga gogo lako, unabonyeza, kisha unakaa pembeni na kikombe cha chai huku kisu kinakwenda na kurudi chenyewe. Angalau ndivyo tulivyoahidiwa.

Gogo hushikwa pande mbili. Upande mmoja kuna kibano cha taya tatu ambacho ndicho kinacholizungusha, tulikiita kichwa. Upande wa pili kuna ncha kali inayolichoma katikati lisichezecheze. Hiyo tuliiita mkia. Kijitabu cha maelezo kilisema kichwa na mkia lazima vitazamane sawasawa. Tulilisoma hilo sote wawili, tukakubaliana kwamba ni jambo la maana, tukakifunga kijitabu.

Mteja wa kwanza wa mashine alikuwa mkunga mstaafu wa Miyuji, mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu wenye maumivu. Alitaka kitanda cha mninga chenye nguzo nne ndefu za kuchongwa, ili chandarua kikae juu kabisa na kisimguse uso.

"Shikamoo, mama," tulimwamkia.

"Marahaba. Mnaweza au hamwezi?"

"Tunaweza kabisa," mshirika wangu alijibu kabla sijafungua mdomo. "Mashine inafanya yenyewe."

Nguzo ya kwanza ilitoka kama karoti. Upande wa kichwa ulikuwa mwembamba jinsi tulivyochora, lakini kila ukielekea mkiani ilinenepa. Tuliitazama kwa muda mrefu. Mshirika wangu alisema labda akina mama wa siku hizi wanapenda hivyo. Siku iliyofuata mkunga alikuja, akaitazama mara moja tu, akasema, "Hii ni ya kutwangia."

Basi ikabidi tuunyooshe mkia. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na dini yake kuhusu kunyoosha vitu. Mshirika wangu aliamini jicho. Alipiga magoti, akafumba jicho la kushoto, akatazama kutoka kichwani hadi mkiani kama mtu anayelenga ndege, akagonga mkia kwa nyundo ya mbao, akatazama tena. Mimi niliamini saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoruka hata ukiweka unywele chini yake. Tulikuwa na bomba la chuma tulilolifanya kipimo chetu. Nililifunga kati ya kichwa na mkia, nikaiburuza saa juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na mshale uliposogea nilijua jicho la mwenzangu limedanganya. Nikalegeza boliti, nikarekebisha, nikakaza. Yeye akaja, akafumba jicho, akaguna.

Kesho yake asubuhi nilifunga bomba tena kuhakikisha. Mshale ukaruka kwenda upande mwingine kabisa.

"Umegusa mkia?" nilimuuliza.

"Mimi? Niuguse wa nini?" alisema, akageuka kutafuta randa ambayo hakuihitaji.

Alikuwa ameugusa. Ninajua kwa sababu na mimi nilikuwa ninaugusa akienda kula. Tukaishi hivyo siku nne. Yeye anarekebisha nikitoka, mimi ninarekebisha akitoka, na kila nikilifunga lile bomba upya linatoa jibu jipya, hata siku ambayo ninaamini hakuna aliyegusa chochote. Tulichonga nguzo nyingine mbili. Moja ilinenepa mkiani. Nyingine ilinenepa kichwani, tukafurahi kidogo, maana angalau ilikuwa habari tofauti.

Siku ya tano niliwahi, jua ndiyo kwanza linachomoza, nikamkuta amelala kifudifudi chini ya mashine.

"Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Unafagia na spana?"

Nikamwambia kwamba Mrangi akifumba jicho moja haoni, akiyafungua yote mawili haoni vilevile. Akaniambia kwamba Mgogo ukimpa saa atasoma saa mpaka ng'ombe wapotee. Tulikuwa watani, maneno hayo yalikuwa ya kawaida kwetu, lakini asubuhi ile hakuna aliyecheka. Nilikuwa na hasira kweli. Nilikuwa hata nimeanza kugawa vifaa vya karakana kichwani mwangu, msumeno huu wangu, jiko la gundi lake.

Mkunga akatukuta hapo hapo. Alikaa juu ya rundo la mbao bila kukaribishwa na kusikiliza ugomvi wote, akiwatazama wasemaji kwa zamu. Alipochoka aliamua kuondoka. Magoti yake yalikuwa mabaya, akatafuta kitu cha kujishikilia, akalichukua lile bomba letu, akainuka nalo kama mkongojo. Akapiga hatua mbili, akasimama, akalitazama.

"Hili limepinda."

"Halijapinda, mama," nilisema kwa upole. "Hilo ndilo kipimo."

"Mwanangu, nimepapasa migongo ya watu maisha yangu yote. Hili limepinda."

Akalilaza juu ya meza ya msumeno, akalisukuma kwa kidole. Bomba lilibingirika likichechemea, likijiinua katikati na kujilaza, likijiinua na kujilaza, hadi ukingoni, likaanguka kwa kishindo.

Mshirika wangu aliliokota bomba. Kisha akasema taratibu, "Lile gari lililoleta mashine, si lilizama mchangani?"

Nikakumbuka. Tulilinyanyua kwa kutumia lile lile bomba. Yeye aliuingiza upande mmoja chini ya gari, mimi nikaukalia upande wa pili kwa uzito wangu wote. Kwa hiyo siku nne zote tulikuwa tunaunyoosha mkia uufuate ukilema tuliousababisha wenyewe, na kila tulipolifunga bomba, tumbo lake lilitazama upande mwingine, juu leo, chini kesho.

Mshirika wangu alikwenda kwa fundi pikipiki jirani, akaazima bomba la shokapu ya mbele, jipya, linalong'aa. Mkunga alikataa kuondoka kabla hajalibingirisha mezani. Lilikwenda kimya kama mpira. Tukalifunga, tukalizungusha kwa mkono mzunguko mzima, saa ikiwa juu yake, na mshale haukutikisika. Kisha nikaiburuza saa kuelekea mkiani. Mkia ulikuwa chini. Tulihitaji kitu chembamba cha kuuinua, na chembamba kuliko vyote ni bati la kopo la soda. Mkunga aliinywa soda yenyewe, akasema ni mchango wake.

Tukakata vipande, tukavipachika chini ya mkia, kimoja, viwili. Kimo kikawa sawa, ikabaki kuunyoosha kushoto na kulia. Mimi nililala chini na nyundo ya mbao, mshirika wangu akashika spana, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuusoma mshale, mkunga alivaa miwani akaukodolea macho.

"Sukuma," alisema.

Nikagonga.

"Sukuma tena. Kidogo. Usikimbilie. Acha! Vuta pumzi."

Nilivuta pumzi. Sijui kwa nini nilitii, lakini mshirika wangu naye nilimsikia akivuta.

"Sasa kidogo sana. Haya. Haya. Tayari. Kaza."

Mwenzangu akakaza. Tukachonga kipande cha mti wa ovyo, tukapima unene wake huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu mashine ifike, saa na jicho vilikubaliana. Mshirika wangu aliniangalia akatabasamu. Nikamwachia asogeze vikombe, nikamimina chai.

Nguzo nne zilimalizika wiki ile. Tulizipeleka Miyuji kwa toroli ya kukodi, tukakiunga kitanda chumbani kwake, na mwenyewe akasema lazima akijaribu kabla hatujaondoka. Akapanda, akajinyoosha, akatazama juu kwenye nguzo moja baada ya nyingine. Tulisubiri hukumu. Tulipoinama kumtazama alikuwa anakoroma.

Spana kubwa ilikuwa imebaki chini ya godoro, upande wa miguu yake. Mshirika wangu alinyoosha mkono, mkunga akajigeuza, mwenzangu akaurudisha upesi. Tulivua viatu, tukatoka tukinyata, na barazani mjukuu wake akatuletea uji. Tuliunywa taratibu hadi alasiri, tukimsubiri aamke.